Kijiko cha Marehemu

Wiki ya kwanza tu, mzee wa Kikorea niliyeletwa Doha kumtunza alinirushia bakuli la wali wa moto. Lilinikosa sikio, likapasukia ukutani. Kosa langu? Nilikuwa nimempakulia na kuchomeka kijiko wima katikati ya wali, kama ninavyofanya kwetu Kitale ili mpini usichafuke. Kumbe kwao kijiko husimamishwa hivyo kwa mtu mmoja tu, marehemu, siku ya kumkumbuka. Nilikuwa nimempa mtu hai chakula cha maiti. Sasa mimi ningejuaje, jamani? Nilimfokea kwa Kiswahili, akanifokea kwa Kikorea, mpaka pumzi zikatuishia. Kesho yake aliniita "sista" na kuomba chai.

Mkono wake ulikuwa mwepesi, ulimi wangu mwepesi zaidi, tukazoeana. Tuliishi nyumbani kwa mwanawe, huko Al Rayyan, kando ya Doha. Mzee alikuja Ghuba zamani, na makundi ya Wakorea waliokuja kujenga, akawa nyapara. Sasa miguu ilikuwa imekufa na kiti cha magurudumu ndicho kilichomtembeza. Tuliongea Kiingereza cha kuokoteza kilichochanganywa na Kiarabu cha mitaani, na tulielewana.

Asubuhi moja, namsugua mgongo bafuni, akaniambia siri yake. Mtu mmoja wa kundi lake aliamka na homa, akakataa kupanda jukwaa la ujenzi. Yeye, nyapara wao, akachukua nondo, akampiga mbavuni mara mbili, wenzake wakitazama. "Panda!" Yule mtu akapanda, akaanguka kabla ya kufika juu. Ikaandikwa kwamba aliteleza.

"Mimi ndiye niliyemuua, sista," alisema.

Haki ya Mungu, nilitamani kumwacha humo bafuni na povu lake. Nilimchukia siku tatu nzima. Nilimlisha bila kumtazama, nikamkata kucha kwa hasira hadi nikamtoa damu, naye akaninyooshea kidole kilichofuata.

Siku ya nne akaniambia anachotaka. Wakorea wa Doha walikuwa wakiandaa sherehe ya kuwaenzi waliotangulia kuja Ghuba, wazima na marehemu, na yeye angepewa ngao ya heshima. Alitaka akiri siku hiyo, mbele ya watu wake, asife nalo. Mwanawe aliposikia alimkaba kola na kumtikisa, kichwa kikagonga ukuta mara mbili. Niliingia katikati na mwiko wa kukorogea uji mkononi, nikamwambia ajaribu tena aone. Akanikumbusha kwamba yeye ndiye aliyenileta Qatar na anaweza kunirudisha.

Sherehe ilikuwa Ijumaa mchana, katika ukumbi mmoja mtaani Al Mansoura. Ngoma zao zilipigwa hadi zikanitikisa kifua. Akina mama walikuwa wamevaa magauni mapana ya rangi, na ukutani kulikuwa na picha za wanaume vifua wazi, kofia za ujenzi kichwani. Mbele iliwekwa meza ya marehemu: matunda, samaki, ubani unaofuka, bakuli la wali. Mstari wa kwanza alikaa mzee mwingine, mkavu, mwenye fimbo. Mzee wangu alinionyesha kwa kidevu. Huyo, aliniambia, enzi zile alilala chumba kimoja na yule aliyeanguka.

Walipomwita kupokea ngao, akaniambia nimsukume hadi mezani. Akasimamisha kijiko katika wali kwa mkono wake mwenyewe. Akainama kutoka kitini ili kutoa heshima, akaanguka kifudifudi. Nikamwinua. Akashika kipaza sauti na kuanza kusema. La kuvunda halina ubani.

Mwanawe aliruka. Alikivuta kipaza sauti, kikampiga babake mdomoni, na mzee akamtandika ngumi ya pua. Damu ikaruka juu ya shati jeupe. Yule mtoto wake akageukia watu na kusema kitu kwa Kikorea, huku akizungusha kidole karibu na kichwa. Kisha akanishika mkono, kucha zikazama, akaniambia kwa Kiingereza, watu wote wakisikia, "Wewe ndiye unayemuuguza. Waambie akili zimemruka."

Niliogopa. Nasema kweli, niliogopa, kwa sababu niliwaza nyumbani, niliwaza uwanja wa ndege. Halafu nikamtazama mzee, midomo imepasuka, ananitazama mimi tu.

Nilimpiga yule mwanawe kiwiko cha mbavu. "Akili zake ni timamu," nikasema. "Mwacheni aseme!"

Wakamwacha. Sikuelewa maneno, nilisoma nyuso. Mama mmoja alijifunika mdomo. Mwingine alitoka nje. Alipomaliza, yule mzee mkavu aliinuka na kuja polepole, na sote tulidhani anakuja kumkumbatia.

Aliitupa fimbo chini, akampiga ngumi ya uso.

Ukumbi mzima ulipiga yowe. Mzee wangu hakujifuta damu. Aliuinua uso tena, akafumba macho, akangoja. Mwanawe alinipigia kelele nimwondoe pale mara moja. Nami, mwanamke nisiyekubali kuona mtu akionewa, nilifunga breki za kiti, nikakishika kwa mikono miwili kisirudi nyuma ngumi nyingine ikija.