Buti Alizonichagulia Baba

Juzi nilipanda ngazi za soko moja la jumla pale barabara ya Guangyuan Xilu, huku Guangzhou, Uchina, mapagazi wananipita na marobota mabegani, goti la kulia likagoma katikati. Nikakaa palepale. Mlio wa selotepu ikivutwa juu ya marobota ni uleule, harufu ya mpira mpya ni ileile, na hasira yangu, ndugu yangu, nayo ni ileile. Usiniambie yamepita. Goti ni langu.

Baba alituleta Guangzhou nikiwa mdogo, miaka ile kila mtu ananunua na makontena yanatoka bandari ya Nansha kama hayana mwisho. Alikuwa mfanyabiashara wa viatu kutoka Mombasa. Jioni, mama akikaanga samaki na chumba kizima kikinuka kitunguu saumu, kazi yangu ilikuwa kujaza karatasi kwenye ncha za viatu. Baba alipompima mtoto kiatu, alipenyeza kidole gumba nyuma ya kisigino. Gumba likiingia lote, ananunua. "Mtoto anakua," alikuwa akisema, "mpe nafasi." Kwa kiatu cha shule sina neno.

Darasani nilikuwa mgeni peke yangu. Kilichonipa marafiki ni kamba. Nilikuwa kwenye timu ya shule ya kuruka kamba, na wasichana walinigombania. Ndipo mwalimu akatangaza safari ya mji wa jirani, kwenye ukumbi wa theluji ya mashine, tukajifunze kuteleza. Buti na mbao za kutelezea tungekodi hukohuko.

"Mwanangu akodi viatu, na mimi niko hai?" baba akasema. Akaenda kwa laobani wake, yule bosi wa duka la mabaki ya viwandani, akarudi na buti za mtu mzima na mbao ndefu kunipita kichwa. Eti nitakua nazo.

Jirani yetu, mwanafunzi Mtanzania aliyewahi kusoma kaskazini kwenye baridi, alizitazama akashika kiuno. "Mzee, hizi ni za anayejua. Anayeanza anapewa buti iliyoshika kisigino na mbao isiyopita kidevu. Halafu vifungio hivi vimekazwa kwa uzito wa mtu mzima. Akianguka, mbao haitamwachia mguu."

"Kijana, mimi nauza viatu tangu hujazaliwa," baba akamjibu, kisha akanigeukia: "Utavaa soksi tatu." Mama alikuwepo, akaendelea kugeuza samaki. Hilo nalo linaniuma.

Kule ukumbini mwalimu aliniletea mbao fupi. Baba, aliyejialika safari ile na kamera shingoni, akamzuia kwa neno lake la sokoni, "Bu yao", sitaki. Akanisimamisha nipigwe picha, kisha akanisukuma kidogo mgongoni.

Wenzangu walianguka, mbao zikawachomoka miguuni, wakacheka. Mimi mguu ulikuwa unaogelea ndani ya buti, mbao haikugeuka nilipoigeuza, na nilipoanguka iling'ang'ania. Mwili ukaenda huku, goti likaenda kule. Nilisikia kano likikatika.

Baada ya hapo nilikuwa nashika ncha ya kamba wenzangu wakiruka. Kisha akapatikana mwingine wa kuishika, na mlangoni kwetu hakuna aliyebisha tena. Baba alikifanya kisa kile kichekesho cha harusini, miaka nenda miaka rudi: binti wa Mombasa aliyebwagwa na theluji. Watu wanacheka, mimi nainuka mezani. Neno pole halikumtoka hata siku moja.

Sasa ukumbi ule umefungwa, na duka la laobani linauza vipodozi. Baba yuko Mombasa na kumbukumbu zimemtoka. Yule mbishi niliyetaka anitazame usoni akiri, hayupo tena, na hilo limezidi kunichemsha damu.

Nikiwa nimekaa pale kwenye ngazi nilimpigia simu. Akauliza mbona nahema. Nikamwambia goti. Akauliza limepatwa na nini, nikamsimulia yote, buti, mbao, soksi tatu, ila sikumtaja mtu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Pole sana, mwanangu," akasema. "Mjinga gani huyo aliyekuchagulia buti zile?"

"Ni wewe, baba."

"Si mimi," akasema kwa upole. "Mimi najua viatu."