Kanyanga kwenye Bluzi Nyeupe

Haya, mucheke sasa mumalize, juu mbele kule habari haichekeshi, na mimi haya ingali inanikaa kwa uso.

Tulikuwa kwenye formasio hapa Kibua, kwa kituo chetu cha afya, sisi waganga wa vituo vya vijijini, tunafundishwa kutunza watu ambao pombe imewashika, na mufundishaji akasema tuigize, mumoja awe mulevi, mwingine amupokee bila kumutukana, basi nani alinyoosha mukono? Mimi! Na juu napenda sifa (ee Mungu wangu!), nikatafuta kanyanga, ile pombe kali ya kienyeji, sikuonja hata tone, nikajimwangia kwa bluzi yangu nyeupe ya kazi, nikavua kiatu kimoja, nikaingia nikipepesuka. Wenzangu walicheka mpaka machozi.

Kumbe inje Papa Bahati anafika na bibi yake. Huyu ni muchimbaji wa mugodi wa Omate, pombe ilikuwa imemushika, nilimubembeleza siku nyingi akubali kutunzwa, na kwa kuniheshimu hakukunywa kitu tangu jana yake. Ningebadilisha bluzi kwanza! Lakini nilivyosikia sauti yake nilitoka mbio hivyo hivyo, kwa furaha.

"Muganga, na wewe?" akauliza, mikono inamutetemeka.

"Hapana Papa, tunaigiza tu!"

Bibi yake akashika pua. "Kuigiza gani kunanuka hivi? Papa Bahati, twende."

Nikawafuata na kiatu kimoja, nateleza kwa matope, nalalamika "Sijakunywa! Sijakunywa!" (mulevi gani hasemi vile?), na wamama wa soko wanashika vichwa: "Yesu! Hata muganga!"

Hawakufika mbali. Karibu na kanisa Papa Bahati akaanguka, kifafa kikamushika, ile ile tulifundishwa asubuhi kwamba inaweza kumupata muntu akikata pombe ghafla. Nikapiga magoti nimusaidie, bibi yake akanisukuma: "Usimuguse na hiyo harufu!" Wenzangu njo walimubeba kwa kipoyi, machela ya kituo, wakamuchoma sindano, mimi nikabaki inje kwa mulango, naomba Mungu, nalia kama mutoto. Niliogopa kweli, nilijua akikufa nitakuwa nimemuua mimi.

Mungu asifiwe, alipona. Tangu siku ile wakitafuta wa kuigiza mulevi, mikono yangu naikalia, na kanyanga haitagusa tena nguo yangu hata kwa muchezo.

Papa Bahati anafuata dawa vizuri, pombe ameacha, watoto wake wamenenepa. Lakini mwenzangu aliniambia kwamba Papa Bahati, mbele ya kushuka kutoka Omate, anauliza kwanza mimi niko zamu siku gani, halafu anakuja siku nyingine.