Kakao Juu ya Kaburi la Mama

Kakao iliyovundikwa kwa majani ya migomba ina harufu kali ya uchachu, nusu siki nusu pombe, na kwetu Talatala ndiyo harufu ya msimu. Mwaka aliofariki mama, harufu hiyo ilinichefua. Tulimzika hatua chache kutoka mlangoni, kama tunavyowazika wote, katikati ya migomba na mikakao aliyoipanda mwenyewe, na baba akalisakafia kaburi kwa saruji. Nilikuwa darasa la tano. Niliacha kwenda shule, nikawa nashinda nimekaa pale, nikimwuliza Mungu kwa hasira faida ya kusoma, kulima na kuzaa ikiwa mwisho wetu sote ni shimo.

Mvua zilipopungua, bibi mzaa baba alikuja na beseni la kakao, akaimwaga juu ya kaburi na kuanza kuitandaza ikauke. Nilipiga kelele. Bibi hakuwa mtu wa kubembeleza.

"Mikeka imejaa, na hapa ndipo penye jua," alisema. "Hii mama yako aliipalilia akiwa mgonjwa. Unataka ioze?"

Mchana huohuo mchungaji wa kanisa letu alipita kutusalimia. "Ndaga, mama," alimwambia bibi kwa salamu ya kwetu. Nilimkimbilia nikamshtakia, nikiwa na hakika kwamba atamkemea bibi. Alichuchumaa, akaanza kuigeuzageuza ile kakao kwa viganja.

"Kwa nini Mungu alimchukua mama yako, sijui, mwanangu," alisema. "Ninaamini atamfufua. Lakini shamba hili mama yako hakumwachia Mungu. Amekuachia wewe."

Nilikasirika kwa sababu ilikuwa kweli. Nikachuchumaa upande wa pili. Saruji ilikuwa ya moto, mbegu zikateleza vidoleni, na machozi yaliyonigomea tangu mazishini yakaja yenyewe. Sikuacha kugeuza. Jumatatu nikaenda shule.

Siku hizi makaburi yetu yana vigae vinavyong'aa na uzio wa chuma, na watoto hukatazwa kuyasogelea. Siwalaumu wanaoyajenga, kila mtu na huzuni yake. Ila mimi kifo bado sikielewi, na nilishakataa kungoja nikielewe ndipo niishi. Ninalima, ninasali, na nikiwa na la kugombana na Mungu, nagombana naye jembe likiwa mkononi. Wanangu nimewaambia: kaburi langu liwe la saruji tupu, bapa, bila uzio, na msimu ukifika wasinionee haya.