Mbuzi wa Bingwa

Jumapili, mashindano ya mwisho ya mwaka ya baiskeli yaliishia Kadutu. Dada mmoja wa Bagira aliwashinda wanaume wote, akapewa mbuzi. Akaitazama baiskeli yake, akashika kichwa: alikuwa ameng'oa porte-bagage, kile chuma cha kubebea mizigo, ili iwe nyepesi.

"Sasa hii mbuzi nitaibebea wapi?"

Muzee aliyefika wa mwisho, kama kawaida yake, akapigapiga porte-bagage ya baiskeli yake. "Ya kwangu iko. Leta!"

Walipopita sokoni, watu waliona mbuzi wakamshangilia muzee: "Champion! Champion!" Akamgeukia dada kwa aibu.

"Papa, usiangalie mimi. Salimia batu!" dada akamwambia, akimwonyesha watu waliokuwa wakishangilia.

Muzee akainua mkono. Mimi niliyewafuata kutoka kwenye mashindano, nikijua ukweli, nilipiga makofi kuliko wote.