Aliyekula Firigisi ya Jamiru

Mimi ni Nusifa wa Walukuba, hapa Jinja, na Jamiru ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Nimemlea mimi, kwa hiyo nikimsema mtu asinizuie. Ni nesi mzuri, mpole, ana mkono mwepesi. Wagonjwa wakisikia tu pikipiki yake wanaanza kupata nafuu. Lakini akili ya mambo yake mwenyewe, astaghfirullah, hana.

Shirika lao linawatembelea wagonjwa majumbani, kuanzia Jinja mpaka Mbale. Zamani bosi wao, Bi Olivia, alikuwa anagawa kazi mwenyewe, na ugomvi haukwisha. Huyu amepewa wagonjwa wa Nalufenya, mlango kwa mlango, anamaliza kabla ya chai. Yule anapanda milima ya Mbale kwa pikipiki mpaka makalio yanakufa ganzi. Mwaka jana ikaja programu ya kwenye simu. Inajua nani ana wagonjwa wangapi, nani yuko wapi, njia ipi ni ndefu, na kila alfajiri inampa kila mmoja fungu lake. Haina shemeji wala jirani. Jamiru aliisifu utadhani ameizaa yeye. Nyumbani hatukula kwa amani, programu hivi, programu vile.

Ila ilikuwa na tabia moja: haipendi kuona mtu ana siku tupu. Ukiiachia nafasi, inaijaza.

Sasa Jamiru alikuwa amepata mchumba Mbale, Madina, binti wa Mzee Burhan wa mtaa wa Nkoma. Msichana ana heshima na anacheka vizuri, nilimpenda siku ileile. Ikapangwa Jumamosi tumpeleke kijana kwa wakwe wamwone, maana baba mkwe hakuwa amemtia machoni hata mara moja. Na mzee huyo si wa kuchezewa. Ana mabinti watupu, anawalinda kama mboni ya jicho, na alishamfukuza mchumba mmoja kwa kosa la kuchelewa tu. Jamiru alijua kabisa kwamba akiikosa Jumamosi ile, Madina hampati.

Mtu mwenye akili angekwenda kwa Bi Olivia akaomba ruhusa. Wangu aliona haya kutangaza uchumba kabla hajakubaliwa. Akafanya nini? Akamwingiza baba mkwe kwenye programu kama mgonjwa. Burhan, Nkoma, ana presha, aonwe Jumamosi asubuhi bila kukosa. Akaamini siku yake imejaa, na programu itamtuma Mbale yenyewe. Akaja kunisimulia huku anajipigapiga kifua, eti ameizidi ujanja. Mjanja wa wapi! Njia ya mwongo ni fupi.

Jumamosi alfajiri programu ikapiga hesabu zake. Kuna mgonjwa wa haraka Mbale, na kuna nesi wa Mbale, Masinde, kapera mmoja mtulivu, anakaa mtaa wa pili na hana kazi. Ya nini kumtoa mtu Jinja? Ikampa Masinde mgonjwa. Na kwa kuwa Jamiru amebaki mtupu, ikampa bibi wa Wanyange mwenye kidonda cha kufungwa.

Simu ililia nikiwa nimeshafunga mshipi wa gomesi yangu, gauni la sherehe. Jamiru akasoma, akakaa chini na kanzu yake nyeupe. Alimpigia Masinde, hapatikani. Kidonda nacho hakiachwi, hilo nililikubali hata mimi niliyekuwa nachemka. Tukapita Wanyange kwanza. Nimeshika beseni, yeye amekunja kanzu mpaka magotini anasafisha, na mjomba wake Nasuru yuko nje kwenye gari amenuna. Bibi alitaka kujua ni lini manesi walianza kuvaa kama maharusi. Nilicheka mpaka nikamwaga maji, na dawa ya rangi ikamrukia Jamiru kifuani.

Kule Nkoma, wazee walikuwa wamekaa wanamsubiri kijana mgeni, mtanashati, anayefanya kazi ya unesi. Akatokea Masinde, mgeni, mtanashati, nesi. Vigelegele, hakuna aliyemuuliza jina wala wazee wake wako wapi. Akaketishwa kwenye mkeka mpya. Akaomba mkono wa mzee, akampima presha, akaikuta imepanda kweli, akamsihi apunguze chumvi. Mzee alifurahi kupita kiasi. Mkwe gani huyu, anauliza afya kabla ya kuuliza binti! Akaletwa jogoo, na firigisi juu yake, ile ambayo katika nyumba hiyo huliwa na mkwe peke yake. Masinde aliona familia hii inawaheshimu sana manesi. Akaila.

Madina alikuwa chumba cha ndani, na desturi inamkataza kutoka mpaka aitwe. Alisikia vigelegele akadhani ni vyetu.

Tulipofika mchana, mzee alitutazama kwa upole wa mtu aliyeshiba. Akasema mkwe wake yupo, ameshakula. Jamiru akapiga magoti, akaeleza yote, programu na uongo wake, bila kujificha. Nilimwonea huruma, machozi yalinitoka. Wazee wakaanza kunong'ona kwamba firigisi ikishaliwa imeliwa, mkwe ni aliyeila. Masinde alitaka kuyeyuka pale alipo.

Mzee Burhan akaisogeza sahani tupu katikati ya mkeka.

"Firigisi haitapikwi," akasema. "Aliyeila ni wa nyumba hii. Masinde, kuanzia leo wewe ni mwanangu."

Kisha akageukia pazia. "Madina, wewe unaweza kuolewa na kaka yako?"

"Hapana, baba," likajibu pazia, haraka mno kwa binti mwenye haya.

"Na huyu mwenye kanzu ya madoa, aliyenitangaza mgonjwa Jinja nzima?"

"Huyo naweza."

Nilipiga kigelegele kabla ya wenye nyumba. Hata Nasuru alicheka. Jamiru akawa anainuka, lakini Masinde akamwekea mkono begani, amekaza uso kabisa. Kwetu huku kaka wa binti ndiye anayepewa jogoo na muoaji, kisha anamtoa dada yake kwa mkono wake. Katika nyumba ile isiyo na mtoto wa kiume, jogoo huyo alikuwa anapokelewa na jirani kila mara.

"Shemeji," akasema Masinde, "humpati dada yangu hivihivi. Jogoo wangu yuko wapi?"

Mabinti wote wakaangua kicheko. Mzee Burhan akavua kofia, akajifuta nayo macho, akamwomba mwanawe arudie tena, kwa sauti, majirani wasikie.