Maji ya Sufuria Katika Chupa ya Mpimaji

Nakumbuka siku mpima maji aliposimama mlangoni kwetu hapa Karatu, chupa tupu mkononi. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na saba. Wazazi walikwisha kufariki, shule nilikuwa nimeiachia darasa la sita, na mdogo wangu Safari alinitazama mimi kama baba na mama. Urithi wetu ulikuwa vyumba viwili na kisima alichokichimba baba kwa mikono yake.

Mzee yule alisema anapima visima vya mtaa mzima, ajue kama uchafu wa vyoo unapenya ardhini na kuingia kwenye maji. Visima vilikuwa vingi naye alikuwa peke yake, akaniachia chupa niijaze, ataipitia jioni.

Mwanangu, aibu ilinishika. Kisima cha baba kitafutwe uchafu? Niliona kama marehemu anasutwa kaburini. Tena sisi tumelelewa kwamba mgeni hupewa kilicho bora. Nikachukua maji niliyokwisha kuyachemsha na kuyachuja, yaliyopoa, nikajaza chupa. Hata nje niliifuta, ing'ae.

Majibu yakaja: maji ni safi. Hapo ndipo ujinga wangu ulipokomaa. Karatasi ile niliiamini, mimi mwenyewe niliyeidanganya! Kuni zilikuwa za shida, nikaacha kuchemsha maji. Haukupita muda, Safari akaanza kuharisha. Alitibiwa zahanati, akapata nafuu, akaumwa tena, mpaka macho yakazama na kusimama kukamshinda.

Mpimaji aliporudi kwenye zamu yake alimkuta Safari amelala kwenye mkeka.

"Huyu anakunywa maji gani?"

"Ya kisimani, babu. Si mlisema ni safi?"

Alichuchumaa kando ya mkeka. "Chupa ile uliijaza kisimani?"

"Niliyachemsha kwanza," nikasema, macho chini. "Niliona aibu."

Nilingoja anifokee. Akacheka kidogo, kicheko kikafia njiani. "Binti, umempeleka jirani mzima hospitali, mgonjwa umemwacha nyumbani. Daktari amtibu nani?"

Akanishika mkono hadi kisimani, akanionyesha nyumba zilizojengwa juu ya mteremko, na vyoo vyake. "Kisima kilipochimbwa, vyoo vile vilikuwapo?"

"Havikuwapo."

"Basi baba yako hana kosa. Acha kumtetea mtu asiyeshtakiwa, mtetee huyu aliye kwenye mkeka."

Mara hiyo mpimaji alinawa mikono, akashusha ndoo mwenyewe, akajaza chupa palepale na kuiweka kwenye boksi la barafu. Majibu yakaja mabaya, na ubaya ule ndio uliotuokoa. Nilirudi kuchemsha kila tone, Safari akapata nguvu. Majirani wakakaa kikao, wakabishana sana, mwishowe choo kilichokuwa karibu zaidi kikafukiwa, kikachimbwa kingine mbali, chini ya mteremko. Mdomo wa kisima tukaujengea zege. Kilipimwa tena na tena, mpaka ikaja karatasi iliyosema safi, na mara hii nilikuwa naijua chupa yake.

Safari leo ana watoto wanne. Nikimpa maji bado hunitania: "Dada, haya ni ya kisimani au ya sufuria?"

Nimeyakumbuka haya kwa sababu mji umekua, hoteli na gereji zimejaa, na wapimaji wamerudi. Ninyi vijana ndio mmepewa chupa mzipitishe mtaani. Nimesikia mmoja wenu anataka kuteka bombani kanisani, ili kisima cha kwao kisije kikafungwa. Simsemi kwa jina. Ninamjua, kwa kuwa nilikuwa yeye.

Mwanangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Ukiulizwa kilichomo, toa kilichomo, hata kama kinanuka. Kisima kinachojulikana kuwa kibaya kina dawa, ila kilichosifiwa kwa uongo kitawanywesha wadogo zako sumu huku wakikushukuru. Wazee walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Atapona vipi, ukimfunga mgeni macho mlangoni?

Nenda kateke, mwanangu. Mungu akupe mikono safi na ulimi usioogopa. Wadogo zako wakue wakikupita kimo, na siku ukiwa mzee kama mimi, akupe maji mjukuu wako, uyanywe bila kuuliza yametoka wapi.