Fundi wa Taa na Kirundi cha Mke Wangu

Jipi niliyorithi kwa mjomba wangu ilikuwa na umri kumshinda mke wangu, na majirani zetu wa mtaa wa Rugenge, mjini Uvira, walikuwa wakinitania kwamba ndiyo bibi mkubwa wa nyumba. Katika miaka ya vita vya pili vya Kongo ndiyo iliyotulisha. Asubuhi nilipanda nayo uwanda wa Ruzizi, nikibeba watu na magunia ya mchele na muhogo, na kabla ya jua kuzama nilikuwa nimerudi Uvira, maana baada ya hapo barabara ilikuwa ya wenye bunduki.

Ilibidi kuondoka mapema, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mashamba, ili upite kwenye barieri, vile vizuizi vya askari barabarani, kabla hawajaanza kunywa. Taa kubwa za gari zilikuwa zimefifia. Nilitegemea mbili za ziada ambazo nilizifunga mwenyewe juu ya bampa. Msimu mmoja wa mvua zote mbili zikafa: ya kwanza ilipigwa na jiwe kioo kikapasuka, ya pili iliingia maji, na kutu ikala ndani yake ile sahani inayorudisha mwanga. Baharia mmoja wa bandari ya Kalundu akanipatia nyingine, duara, za kioo cha manjano, zilizotolewa kwenye lori lililokufa ng'ambo ya ziwa.

Nilijaribu kuzifunga peke yangu. Ziliwaka vizuri kwa muda, halafu waya ukaanza kunuka. Yule baharia akasema pale bandarini kuna fundi anayetengeneza redio, mtu aliyekimbia vita vya Bujumbura na anayelala ghalani, na kwamba mambo ya umeme wa gari anayajua pia. Nikamwita nyumbani siku ya Jumamosi.

Alikuja na mfuko mdogo begani. Alikuwa mwembamba, shati lake safi limepigwa pasi, na hilo lilinishangaza kwa mtu anayelala kwenye ghala. Alinisalimia kwa Kiswahili cha heshima, akafungua boneti, akaanza kuzifuata nyaya zangu kwa kidole, moja moja. Mimi nikaingia chini ya gari kushikilia nati za bampa.

Mke wangu alikuwa akifagia uwanja, mtoto wetu mgongoni. Yeye ni mzaliwa wa Kiringye, kijiji cha huko uwandani, na kwao wanasema Kirundi. Mimi natoka upande wa kusini wa ziwa. Lugha ya mama yangu ni nyingine kabisa. Nyumbani tulisema Kiswahili. Kirundi alikisema na mtoto tu, ambaye alikuwa hajui kumjibu. Mtoto akalia, naye akambembeleza kama kawaida yake: "Hora, mwana wanje, hora." Nyamaza, mwanangu.

Juu ya kichwa changu mikono ya fundi ikasimama. Akauliza kitu kwa Kirundi. Mke wangu akajibu. Akauliza tena, naye akajibu kwa maneno mengi zaidi, na sauti yake ikabadilika, ikawa nyepesi na ya haraka, kama ya msichana anayeitwa na wenzake mtoni. Kutoka pale chini sikuona nyuso zao. Niliona miguu. Miguu ya mke wangu iliuacha ufagio ukalala chini, ikasogea hadi karibu na gurudumu la mbele, karibu na viatu vya yule mtu.

Fundi akavuta rundo la nyaya nilizozifunga mimi. Akasema neno fupi. Mke wangu akacheka.

Nilikuwa nimeishi naye miaka minne, na kicheko kile sikuwa nimekisikia.

"Munasema nini?" nikauliza nikiwa chini.

"Ni maneno ya kwetu tu," akasema.

Neno hilo "kwetu" lilinichoma. Nilidhani kwetu ni pale Rugenge.

Mchana akamwandalia chakula. Nilitazamia ndagala, dagaa wa ziwa letu, na sombe ya majani ya muhogo, kama tulivyokula siku zote. Akaleta mukeke, samaki wa siku za heshima, wa kuchoma, mzima, kwenye sahani ya wageni. Fundi akala taratibu, akamshukuru kwa Kirundi, akanishukuru mimi kwa Kiswahili. Hakuniangalia vibaya wala hakumwangalia vibaya yeye. Nilimchunguza nikitafuta kosa, na kwa kuwa sikulipata nilimchukia zaidi.

Kazi haikuisha siku ile. Fundi alisema umeme wa taa zile usipite kwenye swichi, ni mwingi mno. Lazima utoke moja kwa moja kwenye batri, upite kwenye fyuzi, halafu kwenye rele, kile kidude kinachofungua njia ya umeme swichi inapokiamuru. Angetafuta rele Kalundu na kurudi Jumapili baada ya misa. Aliporudi tukakuta waya mnene hautoshi, nikaenda kuutafuta kwa jirani mwenye gereji. Nilitembea haraka. Kurudi nilitembea haraka zaidi.

Nilipoingia uwanjani nilimkuta mke wangu ameketi kwenye kiti cha dereva.

Fundi alikuwa amechuchumaa mbele ya bampa, akikwangua kutu mahali taa inaposhikana na chuma. "Atsa!" akasema, na mke wangu akabonyeza swichi. "Zimya!" akazima. Hata mimi nilielewa neno hilo, ni ndugu wa zima yetu. Taa ya kushoto ikawaka, ya kulia ikakataa, fundi akakwangua tena, na wote wawili wakashangilia ilipowaka. Mkono mmoja wa mke wangu ulikuwa kwenye usukani. Aliushika vizuri. Katika miaka yote ile sikuwahi kumwambia akae pale, na yeye hakuwahi kuomba.

Nilitupa waya chini. Fundi akaona uso wangu, akaokota waya, akamaliza kazi yake, akaaga.

"Minye niko mwanaume wa hii nyumba ao niko mupangaji?" nikamuuliza mke wangu.

"Nimefanya nini?"

"Mutu anakuja kufunga taa, weye unamupikia mukeke, unamuchekea, unapanda mu gari yangu. Na munasema maneno yenye minye sisikie."

Alimshusha mtoto mgongoni kwanza, akamweka kwenye mkeka. Hakupandisha sauti.

"Husikie kwa sababu hukutaka kusikia. Tunaenda Kiringye, mama anakusemesha, weye unacheka tu na kutingisha kichwa. Iko miaka ngapi? Hujaniuliza hata neno moja. Ule mutu aliniuliza shamba ya baba yangu iko upande gani ya mutoni. Weye unajua?"

Sikujua. Lakini kujua kwamba ana haki hakukunipunguzia kitu. Wivu wangu ulipata mahali pa kukaa: sasa niliona kwamba yule mtu alikuwa amepita mlango ambao mimi nilikuwa nimeuegemea kwa nje miaka minne.

Katikati ya wiki mke wangu alitaka kumpeleka mtoto kwa bibi yake, nami nilikuwa na mchele wa kuleta. Fundi akatuma habari kwamba angependa kuja pia, aone kama taa zitastahimili barabara mbovu. Nilitaka kukataa. Mke wangu akaniangalia, nikasema aje.

Tuliondoka alfajiri. Nakiri taa zilikuwa nzuri. Ukungu ulikuwa mzito kama uji, na mwanga ule wa manjano ulipita chini yake, ukaonyesha kila shimo na kila ng'ombe aliyelala kandokando. Mke wangu na mtoto walikaa mbele pamoja nami, fundi nyuma. Wakawa wanazungumza kupitia kidirisha cha nyuma. Niliongeza mwendo ili mlio wa injini uzibe maneno yao.

Kwenye barieri ya tatu askari walitusimamisha kwa bunduki zilizoelekezwa. Mkubwa wao, mtu wa mbali asiyejua lugha za uwanda, alikuja amejikinga macho kwa mkono.

"Nani amefunga hii taa? Munatupofusha tusione kama muko adui?"

"Ni mimi, afande," akajibu fundi kutoka nyuma, kwa upole, na kwa matamshi ambayo kila mtu wa Uvira anajua yametoka ng'ambo ya mpaka.

Askari akamwamuru ashuke. Akamuuliza karatasi, alikuwa nazo za kambi ya wakimbizi, zimelowa na kuchanika. Wakamkalisha chini, mikono kichwani. Miezi ile mtu mwenye matamshi yale, bila mtu wa kumdhamini, aliweza kuitwa mwasi akapelekwa nyuma ya migomba, na hapo habari zake zikaishia.

Yule mkubwa akaja dirishani kwangu. "Unamujua?"

Sitasema kwamba wazo la kumkana halikunipitia. Neno moja, simjui, nalo lingekuwa nusu ya kweli. Mke wangu hakunigeukia. Aliangalia mbele, kidole chake kikizunguka sikio la mtoto.

"Ni shemeji yangu," nikasema. "Ni kaka ya bibi yangu huyu."

Askari akamtazama mke wangu, akamtazama fundi, akatabasamu kwa ujanja. Akamsogelea fundi akampiga bega kwa ncha ya buti.

"Muko ndugu? Basi sema, mama yenu anaitwa nani?"

Mtoto alikuwa akilia tangu gari lisimame. Mke wangu akamwinua kifuani, akaanza kumbembeleza kwa sauti ya kuimba, "hora, mwana wanje, hora," na katikati ya maneno yale ya kubembeleza, ambayo sikuelewa hata moja, nikasikia jina la mama mkwe wangu. Mara moja tu, jepesi, kama mama anayemwambia mtoto kwamba tunakaribia kwa bibi yake fulani.

Fundi akamtaja mama mkwe wangu bila kusita.

Askari akanigeukia mimi. "Ni kweli?"

Kwa desturi ya kwetu mkwe hatajwi jina. Sikuwa nimelitamka tangu nioe. Nikalitamka. Askari akaguna kama mtu aliyeshindwa karata, akatuambia tuzime taa zetu tunapokaribia barieri nyingine, akamwachia fundi apande, akaondoa kamba iliyoziba barabara.

Ni aibu kusema, lakini kilomita zile zilizofuata sikumshukuru Mungu. Niliwaza tu jinsi walivyoelewana. Kifo kimesimama kati yao, na mke wangu akamtupia neno na mwenzake akalidaka, na mimi nimekaa hapo nimeshika usukani kama mtu wa kukodishwa. Nilijiuliza, ningekuwa mimi niliyekalishwa pale chini, angenitupia neno gani?

Tulipofika Kiringye mama mkwe alielezwa yaliyotokea. Alimkumbatia fundi, akamwita mwanawe, akamkalisha kwenye kiti cha mikono ambacho siku zote alinipa mimi. Mimi nikapewa kibao. Wakazungumza mpaka jua likawa kali. Nilikuwa nimeanza kuinuka ili nikapakie mchele, mke wangu akaja akakaa chini karibu yangu, akaegemeza mgongo wake kwenye goti langu.

"Mama anasema," akanong'ona, "asubuhi hii umemuita jina yake, na hajakasirika. Anasema sasa umekuwa mutoto wake."

Nikakaa tena. Akanitafsiria kila kitu mpaka tukaondoka: mihogo, magonjwa, nani ameoa. Hakukuwa na siri yoyote humo.

Fundi akaanza kuja kwetu Jumapili. Aliniita shemeji, kwa dhati, nami nikamwitikia. Urafiki wetu ulikuwa wa gari. Tulikaa chini ya boneti na kubishana. Lakini alipogeuka kumsemesha dada yake wa bandia, nilikaza kwa wivu nati zilizokwisha kukazwa.

Mwaka uliofuata alipata habari kwamba mama yake mzazi yuko hai kambini, upande wa Kigoma. Tukampeleka Kalundu kupanda boti. Mke wangu alimfungia ndagala kavu na kitenge cha kumpa mama huyo. Tulipokuwa tunarudi alilia, hakujificha. Niliendesha polepole kupita magodauni, na wivu, hata siku ile, ulikuwa pamoja nasi ndani ya gari.

"Unamulilia sana," nikasema.

"Sasa nitasema na nani?"

"Semesha minye."

"Weye?" Akanitazama, machozi yakimtoka, akacheka. "Weye hata maji hujui kuomba."

"Nifundishe kuomba maji."

Alinifundisha hilo kabla hatujafika nyumbani, na nililitamka vibaya. Imepita miaka mingi. Watoto wetu wote wanasema Kirundi, na mimi ninakisema kama mtu anayetembea na jiwe kwenye kiatu. Mke wangu akizungumza na dada yake kwa simu na kuanza kucheka, huwa ninaacha ninachofanya na kuinua kichwa. Nusu ninaielewa. Ile nusu nyingine ninamuuliza, na siku nyingine ananiambia.